Labda Nimegonga Mtu

Madereva wenzangu, na ninyi akina mama mlioacha shughuli zenu kuja kutusikiliza: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Mwenyekiti amenisimamisha hapa nieleze nilivyougua na nilivyopona. Mimi si mtu wa maikrofoni. Nimezoea kuongea nikiwa nimeshika usukani, kwa hiyo mkiona mkono wangu unahangaika hewani msicheke, unatafuta gia.

Wengi mnanijua kwa jina la Baba Anita. Miaka kumi na tisa nilibeba mboga kutoka Mgeta hadi sokoni Dar. Kabichi, karoti, njegere, viazi. Kwetu ni huko huko Mgeta. Nilizaliwa kwenye mteremko ambao ukidondosha kiazi, unakwenda kukiokota kwa jirani wa chini, na yeye anaapa kuwa hakukiona.

Nikikumbuka siku zile, jamani, moyo unalegea. Tulikuwa tunapakia asubuhi, ukungu bado umelala mashambani. Wapakizi wamevaa makoti mazito, wanarushiana kabichi mkono kwa mkono huku wanaimba, na anayedondosha moja anazomewa mpaka gari lijae. Kunanukia njegere mbichi na moshi wa kuni. Mimi nimesimama pembeni na kikombe cha uji, najiona mkuu wa mkoa. Nilijua kila kona ya barabara ile, nilijua mbwa wa kila nyumba, hata yule mmoja mwekundu aliyekuwa anakimbiza tairi la kushoto tu.

Nyumba ya mama yangu iko juu kidogo ya barabara. Nikikaribia napiga honi mara tatu, naye anashuka na chai ya tangawizi ndani ya kopo lenye mfuniko, ananipa dirishani. Sishuki. Injini inaunguruma, mzigo unanisubiri, naye anashika mlango wa gari kama anataka kulizuia lisiondoke. Haki ya Mungu, nilikuwa naona ananichelewesha. Leo ningelipa chochote nicheleweshwe vile.

Ugonjwa ulianza na habari ya mtu mwingine. Dereva mmoja, si wa njia yetu, alifuatwa na polisi mpaka anakoegesha gari. Kumbe njiani alikuwa amemgonga mzee wa baiskeli, yeye akadhani amekanyaga jiwe. Yule mzee alivunjika nyonga. Sisi wote tukasema pole, tukasikitika, tukaendelea na kazi. Wenzangu habari iliwatoka. Mimi ilikaa.

Wiki ile ile, nikiwa nashuka na mzigo, nimeshapita Mlali, tairi la nyuma likaruka kitu. Jiwe, nikajisemea. Nikaenda kilomita kama tano, wazo likaja: na yule mwenzako si alisema jiwe? Nikatafuta pa kugeuza, nikarudi. Nikalikuta jiwe, jiwe kabisa, nikacheka peke yangu. Nikageuza tena. Sijafika mbali, wazo lingine: je, kama mtu amerushwa mtaroni, yuko kwenye majani? Nikarudi mara ya pili, nikashuka, nikapekua majani kwa fimbo. Siku hiyo nilirudi mara tatu.

Baada ya hapo, kila tuta lilikuwa mtu. Kila shimo mtu. Nikipita mama amebeba mtoto mgongoni, nikifika mbele najiuliza, hivi yule bado amesimama? Nilikuwa napiga magoti nakagua matairi, napitisha kidole kwenye mpira, nanusa kama ni damu. Shingo ilikakamaa kwa kutazama kioo cha pembeni, upande wa kulia ukavimba. Viganja vinatoa jasho mpaka usukani unateleza. Tumbo ndio usiseme, niliharisha kwenye vichaka vyote vya njia ile. Mkanda wa suruali niliutoboa matundu mapya matatu kwa msumari. Na chumbani nilikuwa gogo. Mama Anita yuko pale ananikazia macho, lakini daktari alisema tusifiche.

Halafu nikaanza kuuliza. Nampigia mke wangu simu, yeye yuko nyumbani kwetu Mwembesongo, Morogoro mjini, anapika, mimi niko njiani.

"Mama Anita, nimegonga mtu?"

"Hukugonga mtu, baba. Tulia."

Ameona wapi? Hakuona. Lakini akisema hivyo natulia, muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Kisha napiga tena. Nilifika mpaka kituo cha polisi kuuliza kama leo kuna mtu amegongwa. Mara ya kwanza walinipa kiti. Mara ya sita askari mmoja akaniambia, "Mzee, leo hatuna. Ukimpata tuletee." Wote wakaangua kicheko, nami nikacheka, huku moyo unaniambia huyu anaficha.

Hata padri nilimsumbua. Nilikwenda kuungama kuwa nimeua.

"Umemuua nani?"

"Sijui, padri."

"Wapi?"

"Labda Mlali."

Nilipokwenda mara ya nne katika wiki moja, alishusha pumzi, akasema, "Mwanangu Kosmasi, ingekuwa dhambi, ingeshasikia maondoleo. Hii haisikii. Nenda hospitali." Sikwenda. Niliona ananifukuza.

Kabichi zikawa zinafika Dar zimelegea, wateja wanalalamika. Tajiri wangu, mwenye gari, alinivumilia sana. Siku moja akanyoosha mkono, akaniambia, "Kosmasi, nakupenda, lakini mboga haijui kuuguza mtu. Nipe ufunguo." Nikampa. Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani, na hata kwa miguu niligeuka nyuma kutazama.

Ndipo sonona iliponiangukia. Nililala nimeelekea ukutani miezi. Nilikuwa siogi, nanuka hadi najisikia mwenyewe. Ugali ukiletwa naona udongo. Ndevu zimeota, kucha zimekuwa ndefu. Anita, ambaye wakati huo alikuwa anasoma chuo Mzumbe, alikuja Jumamosi akakaa kando ya kitanda akinisimulia masomo yake, nami sikugeuza hata kichwa. Kuna siku nilifikiria kufa. Nalisema wazi kwa sababu kuna mtu hapa anafikiria hivyo na amenyamaza. Ndugu yangu, usinyamaze. Mimi nilimwambia mke wangu, na kuanzia siku ile hakuniacha peke yangu hata nikienda chooni.

Lakini kilichoniuma kuliko vyote ni mama. Miguu yake ilishavimba, hawezi tena kushuka mlima. Madereva wenzangu wakipita kwake wananiletea salamu. Mwanzo alisema, "Mwambieni aje nimwone." Baadaye, "Mwambieni nimemkumbuka." Siku moja mwenzetu mmoja, yuko hapa, alikuja akasimama mlangoni, anazungusha kofia mkononi, akasema, "Mama anauliza, amekukosea nini?"

Amekukosea nini! Mama yangu aliamini nimemnunia. Nilijikaza nikapanda gari la abiria niende. Tulipofika Mlali gari likaruka kitu, nikaanza kumsihi dereva arudi tukaangalie. Abiria wakanitukana. Mmoja akasema mlevi huyo, mshusheni. Nikashushwa. Nikakaa kando ya barabara nikiutazama mlima wa kwetu, niko karibu hivi, nikalia kama mtoto. Kisha nikarudi kwa miguu kuangalia kama kuna aliyegongwa.

Kutoka pale ndipo nilipokumbuka neno la padri, nikaenda hospitali na Mama Anita. Daktari alinisikiliza, hakucheka. Akasema, "Huna laana, mzee, wala hukuua mtu. Huu ni ugonjwa, mawazo yanajirudia na kukulazimisha kufanya vitu. Unajua alamu ya gari inayolia hata paka akipita? Ndiyo hiyo iko kichwani mwako. Sonona imekuja juu yake." Akanipa vidonge. Akasema vidonge peke yake havitoshi, nahitaji mnasihi, mtu wa kunishauri, anayeujua ugonjwa huu, na aliyemfahamu yeye yuko Mbeya, anafanya kazi kwa simu.

Nikamwambia, daktari, ugonjwa huu wa Morogoro utatibiwaje na mtu aliyeko Mbeya? Akasema, "Mbona wewe ukiwa Mlali unaulizia ya Mlali kwa mtu aliyeko Mwembesongo?" Nikamwachia namba yangu.

Mnasihi mwenyewe nilimtarajia mtu mzima. Simu ikalia, sauti ya binti: "Shikamoo baba. Naitwa Tumaini." Marahaba mwanangu, nikasema, huku moyoni najisemea, tumekwisha. Nyumba yetu ni ya kupanga, vyumba sita ua mmoja, ukikohoa jirani anakupa pole. Kwa hiyo kila Jumanne na Ijumaa saa kumi jioni nilikuwa naingia kwenye pagale la jirani, nyumba ambayo haijaezekwa, nakaa juu ya tofali, naongea naye. Basi mtaa mzima ukajua Baba Anita amepata mchumba. Mzee mgonjwa, ndevu kama mbuzi, kila wiki anajificha pagaleni na simu! Mama Anita aliulizwa sokoni kama amevumilia au amejikatia tamaa. Alijibu, "Mwacheni, huyo mchumba nimemtafuta mwenyewe."

Tumaini aliniuliza maswali ya kawaida kabisa. Leo umerudi kuangalia mara ngapi? Umemuuliza Mama Anita mara ngapi? Mtandao ukikata anapiga tena, hachoki. Siku ya nne au ya tano akaniambia neno ambalo sikulipenda.

"Baba, kila mama akikuambia hukugonga, ugonjwa unakula unashiba. Kesho unarudi na njaa kubwa zaidi."

"Sasa ajibu nini?"

"Ajibu: labda. Basi. Labda umegonga, labda hukugonga. Na wewe ukae na hiyo labda mpaka woga ushuke wenyewe. Utashuka, baba. Hujawahi kuusubiri tu."

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Kwangu mimi kuuliza ndiko kulikokuwa ugonjwa wenyewe.

Nikampa Mama Anita simu, akaelezwa. Aliposikia uso ukambadilika. "Mwanangu, mimi nimwambie mume wangu labda umeua mtu? Kwetu huko ni kumwapiza." Akaahidi kujaribu, lakini nilimwona, nikajua hawezi.

Zoezi la kwanza lilikuwa baiskeli. Niende mpaka sokoni nirudi, bila kugeuka nyuma. Nilikwenda, nikarudi shati limelowa. Mama Anita alikuwa uani anaosha vyombo.

"Mama Anita, nimegonga mtu?"

Akasimama na sahani mkononi. Nikauliza tena. Akainamisha macho, "Hukugonga, baba. Tulia." Nikauliza mara ya tatu.

Upande wa pili wa ua alikuwepo Mama Kulwa, jirani yetu, Mnyamwezi wa Tabora, anapepeta mchele. Na mnajua wenyewe, Mnyamwezi na Mluguru kama mimi ni watani. Mtani anaweza kukuzika ukiwa mzima na huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, wewe ndiye mkosaji. Mama yule alitua ungo, akashika kiuno.

"Umegonga! Mluguru wewe, mguu mmoja mrefu mmoja mfupi kwa kutembea milimani, utaendeshaje baiskeli kwenye tambarare usigonge mtu? Maiti iko pale kwa muuza mkaa. Twendeni tukazike mapema, mimi nina njaa, nataka ubwabwa wa msibani!"

Mama Anita akashika mdomo. Mimi masikio yakaanza kuvuma. Nikataka kutoka mbio niende kwa muuza mkaa. Nikainua mguu. Kisha nikawaza: nikikimbia, Mnyamwezi huyu atanisimanga mpaka Krismasi. Nitaweka wapi uso wangu? Nikakaa chini kwenye benchi.

Nikakaa. Woga ukapanda, ukapanda, nikadhani moyo utapasuka. Mama Kulwa akainjika mchele wake jikoni, hana habari na mimi, anaimba. Nikakaa tu, kwa kiburi cha utani, hakuna kingine. Na wali wake ulipoiva, jamani, woga ulikuwa umeshuka. Wenyewe. Sikwenda kuangalia, sikujibiwa hukugonga, na umeshuka! Sikuwahi kuona kitu kama kile tangu niugue. Nikaanza kucheka, na kilio kikaja humo humo, na Mama Kulwa akaniletea sahani akisema, "Kula, marehemu amesema ule."

Ijumaa nikamweleza Tumaini. Kimya. Nikadhani mtandao. Kumbe binti anacheka hawezi kuongea. "Baba, chuoni hatukufundishwa hili. Huyo mama yuko karibu? Nipe niongee naye." Wakaongea. Tumaini alimshukuru kwanza, kisha akamrekebisha: asiseme umegonga, kwa sababu hilo nalo ni jibu, na ugonjwa unatafuta jibu lolote. Aseme labda. Mama Kulwa alinirudishia simu amekasirika. "Utani wa labda ni utani gani huo? Huyo binti ni kabila gani?"

Lakini alijifunza. Tena akamfundisha na mke wangu. Mama Anita alianza kwa kunong'ona, "labda," kama anayeungama. Siku aliponijibu, "Labda, na ukimaliza kuua wapita njia uniletee ndoo ya maji," nilijua nyumba yangu inapona.

Haikuwa kazi ya siku mbili. Shemeji yangu alinipa pikapu yake. Tulianza na barabara ya Mzumbe, Mama Kulwa pembeni yangu, kitenge kichwani, anapungia watu mkono. Simu hatukuitumia njiani. Tumaini alipiga kabla na alipiga baada. Tuta likitikisa gari natamani kugeuka. Nauliza. "Labda, mtani. Kama ni mnene tutakula sana." Kuna siku nilishindwa, nikageuza gari nikarudi. Kuna wiki sonona ilirudi nikalala ukutani tena, vidonge naona vichungu, simu ya Tumaini sikupokea. Alipiga tena kesho yake. "Baba, hujaniudhi. Tuanzie ulipoangukia." Wala sijawahi kumwona ana kwa ana mpaka leo. Binti yule namshukuru, na daktari, na padri, na mke wangu ambaye alikubali kuonekana mkatili ili nipone. Mtani wangu simshukuru hadharani, atavimba kichwa.

Kwenu nina maneno machache. Mficha maradhi kilio humuumbua. Ukijikuta unarudi barabarani kuangalia, au unakagua kufuli mpaka alfajiri, au umelala ukutani na chakula hakipiti, mwambie daktari. Vidonge usikate mwenyewe. Kama mtaalamu yuko mbali, simu inafika. Na ninyi mnaowapenda wagonjwa, kubembeleza si dawa ya kila kitu.

Sasa nimalizie. Baada ya miezi ya mazoezi Tumaini aliniambia, "Baba, nenda kwa mama. Peke yako. Na usirudi nyuma hata mita moja." Mama Kulwa alitaka kwenda, akakatazwa, akanuna.

Nilipita Mlali. Nikaanza kupanda. Miaka miwili sijaiona barabara ile. Ukungu ukaingia dirishani na baridi yake, nikasikia harufu ya njegere, machozi yakaanza kunitoka kabla hata ya kona ya kwanza. Karibu na juu, tairi la nyuma likaruka kitu. Mguu ukaenda kwenye breki wenyewe. Nikasema kwa sauti, peke yangu ndani ya gari, "Labda." Nikatoa mguu. Nikaenda.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda mlangoni, miguu ameinyoosha, imevimba kama mito. Amekonda. Nikapiga goti, "Shikamoo mama." Alinishika uso kwa mikono miwili, akanipapasa ndevu. Kisha akauliza kama mama yeyote anavyomuuliza mwanawe dereva.

"Njiani salama? Hukugonga mtu?"

Ndugu zangu, hakujua. Hakuna aliyemwambia ninaumwa nini. Nikaangalia barabara kule chini. Nikamwangalia yeye.

"Sijui, mama. Nimefika lakini."

Akanitazama. "Basi ingia ule, viazi vinapoa."

Nilikwenda kila Jumapili miezi mitano, nikakaa mpaka jua linazama, sikuwa na haraka. Masika yalipoanza akafariki, mkono wake uko mkononi mwangu. Na mpaka leo wazo bado linakuja nikiwa barabarani, si kila siku, lakini linakuja. Linaniambia rudi kwanza ujue. Mimi nilikuwa nimekaa miaka miwili nikisubiri kujua. Ningeendelea kusubiri, ningemkuta kaburini, bado anauliza alinikosea nini.